Pale Kwenye Kiti

Asubuhi hiyo Fundi hakushona hata kifungo. Alifunika cherehani, akaburuta benchi la kijiweni hadi kwenye kivuli cha ukuta wa duka lake, akaagiza kahawa ya watu wote kabla hawajafika. Wiki tatu alikuwa akiwatangazia: binti yake, yule aliyempa chumba cha nyuma cha duka na kumshonea mapazia mazito ili aione vizuri kompyuta yake, anahariri video ya wimbo mpya, na jina lake litatokea mwishoni. Ndiyo kazi yake ya kwanza. Video ilitoka saa nne kamili. Simu ya Spana, fundi wa magari, ikaegemezwa kwenye birika na vichwa vitatu vikaisogelea. Saa sita binti angepita kumwuliza baba yake ameionaje, na Fundi alitaka kumpa jibu la benchi zima.

— Cheki hiyo! alisema Spana. Ngoma ikigonga tu, picha inabadilika. Ti! Wachezaji. Ti! Viatu. Ti! Mwimbaji huyo.

— Anakata kwenye mdundo, Fundi akaeleza, kifua mbele. Mimi nakata kitambaa kwenye chaki, yeye anakata picha kwenye ngoma. Mkasi ni wa ukoo.

— Na sauti ikilainika, hapeleki picha mbio, alisema Saa Mbovu, mtengeneza saa ambaye ya kwake mwenyewe haijawahi kusema kweli. Huyu mtoto ana saa kichwani.

— Damu hiyo! Na baba mtu mmekaa naye hapa, mnamwona bure!

Basi ngoma ikanyamaza. Kwenye simu kikatokea kiti kitupu kando ya mlango. Kikabaki hapo. Kikaendelea kubaki.

— Imeganda, alisema Spana.

— Mtandao huo, Fundi akawahi.

— Mtandao gani, bwana? Bando nimejaza leo. Na mbona jamaa bado anaimba?

Ngoma ikarudi, picha zikaanza tena kuruka. Wakairudisha mwanzo. Kufika pale pale, kiti kile kile. Fundi akaisogelea simu zaidi. Alikuwa amejaza mtaa mzima sifa, na huenda mtoto alisahau kukata.

— Mimi nawaambia, Spana akasema, kompyuta ilichemka. Ukipandisha mlima na injini ikachemka, unafanyaje? Unapaki pembeni. Hapo alipaki.

— Wee! Alisinzia, alisema Saa Mbovu. Kidole kikalala kwenye kitufe.

— Binti yangu hasinzii kazini! Anapumzisha macho yenu. Jicho la mtu likila picha nyingi hivyo linavimbiwa. Daktari yeyote atakwambia.

— Daktari yupi?

— Yeyote!

Spana akairudisha tena. Kiti kilipotokea, Saa Mbovu akainua kidole.

— Nimehesabu. Nane! Kama mapigo manane hivi. Hiyo si bahati mbaya, wazee. Hilo ni tangazo. Ukikitazama kile kiti mara tatu, kesho unajikuta kwa seremala na hujui umefikaje.

— Sasa tumeshakitazama mara tatu!

— Ndiyo nakwambia. Mimi mgongo umeshaanza kukitamani.

Spana alicheka hadi kahawa ikamwagika. Fundi hakucheka. Alitazama njia ambayo binti yake angetokea, akaona aibu, kisha akaona aibu ya kuona aibu.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja aliyefuata gauni lake. Alikuwa amewasikiliza muda mrefu, mkoba kwapani.

— Samahani, baba zangu. Hapo kwenye kiti, anaimba nini?

Spana akamtazama Saa Mbovu. Saa Mbovu akamtazama Fundi. Fundi akatazama kikombe chake. Wimbo ule aliusikia wiki tatu kupitia ukutani, hadi mguu wake ukawa unakanyaga cherehani kwa mdundo wake. Lakini kilichopita ukutani ni ngoma tu, maneno alikuwa hajawahi kuyasikia. Na leo, kila walipofika pale, yeye na wenzake walikuwa wakibishana.

— Rudisha, alisema kwa sauti ndogo.

Ngoma, wachezaji, viatu. Nyayo zikasikika nyuma ya benchi.

— Shikamoo baba. Shikamooni. Umeionaje?

Fundi aliinua kiganja bila kugeuka.

— Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza. Tumefika pale kwenye kiti.

Ngoma ikanyamaza, na kijiwe kikanyamaza nayo. Sauti ikabaki peke yake: *Nimerudi, mama, mikono imejaa, nimpe nani?* Kisha hata sauti ikaisha. Kiti kikabaki, na safari hii kila mtu alimwona asiyekikalia. Nyuma ya benchi binti alikuwa akihesabu kwa ncha ya kiatu, taratibu. Katika pigo la nane ngoma ikarudi, na vichwa vyote vikainuka pamoja.

Spana alijifuta macho kwa kitambaa chenye grisi. Mama wa gauni hakujifuta.

— Wenye wimbo waliniambia niikate picha hiyo, binti alisema, akimtazama baba yake kwa wasiwasi. Kwamba ni ndefu mno, watu watadhani imeganda. Nikakataa. Nimekosea?

Fundi aliweka kikombe chini. Akasogea, akampa binti yake nafasi katikati ya benchi, mahali pake mwenyewe.

— Ungeikata, alisema, chumba changu ungekirudisha leo hii.