Msoma Mita Aliyefariki Kwenye Fomu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, yaani baba mdogo wa binti yake, na nimekabidhiwa kusoma historia hii kwa sharti kwamba nisitie chumvi, ingawa mtaona wenyewe haikuhitaji.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma hadi sekondari, akamaliza 1969, na tarehe 2 Mei 1972 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa, akifukuzwa na mbwa wa kila mtaa, bila kukosea tarakimu hata moja, jambo ambalo hakuchoka kutukumbusha tukiwa mezani.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yangu, mshonaji, na mwaka 1986 wakajaliwa binti mmoja, ambaye ndiye sababu ya kifo cha kwanza cha marehemu.

Binti alipopata nafasi ya chuo mwaka 2005, aliomba msaada wa masomo akakosa, kwa kuwa mshahara wa baba yake ulizidi kiwango kwa kiasi kidogo cha kuudhi, na baba mwenyewe alipoomba mkopo wa wazazi, akaambiwa umri umekwenda. Chuo kikakubali kumshikia nafasi mwaka mmoja tu. Tarehe 19 Agosti 2006 marehemu alijaza fomu upya, mbiombio, miwani ameisahau kazini, na pale palipoulizwa kama baba yu hai au amefariki, akatia alama kwenye kisanduku cha pili. Baada ya wiki sita ilikuja barua ya pole, pamoja na msaada kamili.

Nimtendee haki, kaka alikwenda kusahihisha. Alipanga foleni tangu asubuhi, akajitambulisha dirishani kuwa yeye ndiye yule marehemu, na karani, mama mmoja mpole, akamweleza kwamba kumrudisha kuwa hai ni kazi ya dakika tano, ila binti atapoteza sifa, na muda wa maombi umeshapita. Kaka aliomba akafikirie kwanza, akatoka pale akiwa bado marehemu.

Kwa miaka mitatu alimtembelea binti chuoni akijiita baba mdogo, cheo changu, wala hakuniomba. Siku ya mahafali, tarehe 21 Novemba 2009, alikaa safu ya mwisho, na binti aliposimama kumshukuru hayati baba yake, yeye alipiga makofi kuliko wote. Jumatatu yake alirudi dirishani akajifufua, akaomba akatwe mshahara, na baadaye pensheni, hadi akaurudisha msaada wote mwaka 2014.

Alianza kusumbuliwa na figo Januari 2023, akalazwa tarehe 30 Mei, na muuguzi alipompa binti fomu ya kueleza uhusiano wake na mgonjwa, aliandika BABA kwa herufi kubwa, zikajaza mstari mzima. Kaka aliomba miwani yake, akaisoma fomu taratibu kama alivyokuwa akisoma mita, akairudisha bila kusahihisha kitu. Alifariki tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, safari hii kweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na yule mama karani, ambaye sasa amestaafu, na leo yupo nasi pale nyuma.

Kaka, cheo changu umenirudishia, ila ningekuachia kabisa, mradi ubaki nacho. Pumzika kwa amani.