Kiti cha Mkurugenzi

Kijana hakuwa na koti la baridi, wala kitanda cha peke yake, wala nauli ya keshokutwa. Alichokuwa nacho ni picha aliyopigwa kwenye kiti cha mkurugenzi, katika ofisi anayoisafisha kila asubuhi huko ughaibuni. Aliituma kwao, na sasa mdogo wake, mwalimu, anataka kuacha kazi aje kuwa msaidizi wake.

Ndiyo maana alikuwa ndani ya basi akimwandikia barua ya ukweli. Mama mmoja mpishi, aliyeketi pembeni, aliitambua lugha ya kwao akachungulia bila haya. "Mwanangu, mwambie mnalala kwa zamu kama sisi sote huku." "Nimeandika, mama. Na chumba kinameza nusu ya mshahara, nimeandika." "Hapa umesema uko idara ya usafi. Si atadhani unaiongoza?" Kijana akafuta, akaandika kwa uchungu: nadeki.

Basi lilipunguza mwendo. Akachomeka picha nyingine kwenye bahasha: kiti kilekile, safari hii miguu iko juu ya meza. "Na hiyo ya nini tena?" "Ya mama mzazi, asije akalia."

Akalamba gundi, akashuka, akaitumbukiza barua kwenye sanduku la posta huku mpishi akigonga kioo cha basi kwa ngumi.