Tumbo Kwanza au Pumzi Kwanza

"Kwa hiyo umesomea uzamiaji Mwanza, sasa unakuja kutufundisha kubusu wafu?" Bibi Kyarimpa alimuuliza kijana aliyeketi naye kwenye Hiace iendayo Nyakatuntu.

Kwenye kiti cha nyuma, Joanitha aliacha simu. Watoto wake watatu huchota maji lamboni, na alijua bibi huyu akikataa, Jumamosi hakuna atakayekwenda kumsikiliza kijana huyo akifundisha kuokoa waliozama.

"Si kubusu, bibi," kijana, Tumwine, alisema kwa adabu. "Aliyezama amekosa hewa. Unampulizia mdomoni kwanza, kisha unakandamiza kifua. Ukimbinya tumbo atatapika, na matapishi yataingia kwenye mapafu."

"Lililojaa maji ni tumbo, mjukuu wangu. Au huko Mwanza maji huingilia kisigino?"

Abiria walicheka. Joanitha hakucheka. Yeye angembinya mwanawe tumbo bila kufikiri mara mbili.

"Umewahi kumwokoa nani hivyo, bibi?"

"Huyo anayekuendesha."

Dereva, Revelian, aliinua mkono bila kugeuka. "Nilikuwa na miaka saba. Alinibinya mpaka nikatapika senene wote niliokula."

"Basi ulikuwa bado unapumua," Tumwine alisema.

"Wewe ulikuwepo?" bibi akamuuliza.

Joanitha alikuwa bado anasubiri jibu, gari likasimama. Bibi alishuka na kikapu chake, kisha akachungulia dirishani.

"Jumamosi nakuja. Ila usile kitu asubuhi. Utalala wewe, nikubinye tumbo, watu waone."