Alivyokuwa Akitembea Mke wa Penseli

Kijiwe chetu ni benchi refu ambalo mguu wake mmoja ni tofali, pembeni mwa duka la vioo lililofungwa zamani. Hapapiti mtu hapa tusimjadili. Wenyewe ni Shahidi, ambaye kila ajali, ugomvi na harusi ya mtaa huu alikuwepo, hata zile za kabla hajazaliwa, Injinia, fundi wa pasi na feni, anayefungua kila kitu na kurudisha nusu ya skrubu, Mama Birika, mwenye kahawa na mwenye kauli ya mwisho, mimi, msikilizaji, na Penseli. Huyu anafanya kazi studio ya katuni za video. Zamani alichora kwa mkono, mchoro juu ya mchoro, mpaka mtu wa karatasi atembee. Siku hizi akili mnemba ndiyo inayochora, yeye kabaki kuhesabu vidole, maana mashine ile ikikolea inampa mtu vidole sita. Alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita, na ingawa anatania nasi kila jioni, kidonda chake bado kibichi. Jana alikuja na laptopu kwapani, akaagiza kahawa na kusahau kuinywa.

Penseli: Jamani, nyinyi mlikuwa mnamwona mke wangu akipita hapa. Alikuwa anatembeaje?

Mama Birika akaacha kumimina kahawa.

Shahidi: Swali gani hilo? Si wewe ndiye mumewe?

Penseli: Ndiyo, lakini mimi nilitembea naye bega kwa bega. Mtu wa bega kwa bega humwoni anavyotembea. Nyinyi mlimwona.

Ndipo akatueleza. Binti yake ana miaka tisa. Mama alimwacha akiwa na mitatu. Ana picha moja tu ya mama yake, ameiweka karibu na mto. Video hakuna, simu iliyokuwa nazo ilizama kwenye ndoo ya maji. Juzi mtoto kauliza mama alikuwa anatembeaje, kwa sababu kwenye picha amesimama tu. Baba mtu akaahidi katuni fupi: mama anapita barabarani, basi.

Injinia: Sasa si uchore mwenyewe? Mkono unao.

Penseli: Nimejaribu, kaka. Nikifumba macho namwona amesimama, vilevile kama kwenye picha. Ndiyo nikaipa mashine hiyo picha, nikaiandikia: mwanamke huyu anatembea barabarani. Tazameni.

Tukabanana kwenye kioo cha laptopu. Mwanamke alikuja akirusha mabega, nywele zinapepea na jani la mti nyuma yake halitikisiki.

Mama Birika: Huyu anakwenda kupokea tuzo. Mkeo alikuwa anakwenda kwenye cherehani yake.

Shahidi: Msiilaumu mashine. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mashine haina mama, na ulimwengu umeionyesha wanamitindo watupu.

Injinia: Hamna! Ni joto. Mimi vitu hivi navifungua. Mashine ikipata moto, inaona kila kitu kinaelea. Mtazame, hata chini hakanyagi. Ipepee kidogo.

Akavua kofia akaanza kuipepea laptopu, kweli kabisa.

Shahidi: Tena haijawahi kuvaa kiatu kinachobana. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mimi: Hiyo methali inahusianaje na viatu?

Shahidi: Mtoto akilia si anataka viatu?

Mama Birika aliweka birika chini. Alisema taratibu, kama anayempima mtu nguo.

Mama Birika: Alitembea kama aliyeacha sufuria jikoni. Mbio mbio. Akifika katikati ya barabara anasimama, anaupiga mkoba wake kofi, anageuka kurudi. Kila asubuhi kasahau kitu.

Penseli akacheka. Kucheka kule sikuwa nimekusikia muda mrefu.

Penseli: Mkasi! Alikuwa anausahau mkasi. Nyumbani nilikuwa naona anaingia tu, anauchukua, anatoka.

Akaandika maneno hayo. Tukasubiri. Mwanamke akaja tena, sasa mbio mbio, akasimama, akaupiga mkoba kofi, akageuka. Tukapiga makofi.

Injinia: Mbona pua si yake?

Penseli: Ndivyo ilivyo hii. Ukiugusa mguu, inabadilisha pua. Haijui kurekebisha kimoja na kuacha kingine.

Mama Birika: Kama Injinia na pasi yangu.

Injinia akainuka. Alichukua mkoba wa Mama Birika, akautia begani, akaingia barabarani kuonyesha. Fundi mzima, mwenye kitambi, anakata mitaa kwa hatua za mwanamke mwenye haraka. Mwendesha pikipiki akampigia honi.

Injinia: Alikuwa anainamia upande wa mkoba, hivi!

Shahidi: Upande wa pili! Nilikuwepo!

Wakagombana bega la kulia na la kushoto mpaka Penseli akaandika yote mawili. Na mimi nikachangia changu. Alikuwa hasimami kutusalimia, anainua kidevu tu. Nisiseme uongo, kwa heshima zote za marehemu: asubuhi isiyo na kidevu kile ilikuwa haijaanza. Naye akaandika. Kila akiandika, uso ule ulisogea kidogo, nyusi zikawa nene, shavu likajaa.

Shahidi: Ongeza, ongeza. Penye wengi hapaharibiki neno.

Penseli: Lakini mnaona? Anazidi kwenda mbali na picha.

Shahidi: Nikwambie kitu? Mashine inamfuata hukohuko ahera aliko. Mwenyewe anaona haya, kavaa nguo za kazini. Basi anamtuma jirani yake wa huko.

Injinia: Acha hizo, Shahidi.

Lakini hakuna aliyecheka. Penseli alikuwa anamtazama Shahidi kama mtu anayetaka kuuliza njia.

Video ilipokuja mara ya mwisho, tukaiinamia wote. Mbio zile, kofi la mkoba, kugeuka kule, kidevu juu. Injinia akasema, “Huyo huyo!” Mama Birika akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Penseli akairudia, akairudia tena, kidole chake kikimfuata mwanamke yule kwenye kioo. Hata mimi nilimwona. Niliinua kidevu kumjibu.

Hapo binti akatokea, katoka shule, soksi moja imeshuka.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akamwegemea baba yake begani, akatazama mpaka mwisho. Mwanamke alipogeuka katikati ya barabara, mtoto akacheka kwa sauti.

— Anachekesha, baba. Nani huyu?

Injinia akamtazama Shahidi. Shahidi, aliyekuwepo kila mahali, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Mama Birika akainua birika ammiminie mtu, yeyote, likatoa machicha.

Penseli alifungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa moja, “mama”, na lilikuwa tayari, mtoto angeliamini, akalala nalo usiku ule na kukua nalo. Niliona midomo yake ikiliumba. Kisha akautazama uso ule, ambao haukuwa wa kwenye picha ya karibu na mto, akaufunga mdomo, akamvuta mtoto karibu, akaendelea kutazama kioo.

— Baba? Si nakuuliza. Ni nani?