Mwalimu Kaachini na Onyesho la Jumamosi

Waombolezaji wenzangu, mimi na marehemu tuliachiana ziwa, na nimepewa kazi hii ya kusoma kwa kuwa katika familia nzima ni mimi peke yangu niliyethubutu kumjibu, kwa hiyo mnivumilie, nitasoma yote yaliyoandikwa, pamoja na moja ambalo wakubwa hawakutaka liandikwe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1964 hadi 1970, sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1974, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 1976 katika jiografia na historia. Huko chuoni ndiko alikoona sinema yake ya kwanza ya nchi ya mbali, kisa cha mjane anayeuza ng'ombe wake kwenye theluji, kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa ukumbini, naye akalia kama aliyefiwa, akarudi likizo akatuhadithia mpaka tukamwomba atupumzishe.

Januari 1977 aliajiriwa katika sekondari ya kutwa iliyo jirani na soko la mitumba, akafundisha hapo hapo mpaka alipostaafu mwaka 2017. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu, fundi umeme, aliyeletwa shuleni kutengeneza nyaya za maabara, kazi aliyoimaliza siku ya kwanza lakini akaendelea kuijia muhula mzima. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1984, leo ni muuguzi, na mvulana wa 1988, mpima ardhi, na wote wawili husinzia sinema ikianza, jambo ambalo mama yao alilihesabu kuwa ni la upande wa baba.

Mwaka 1985, alipoona wanafunzi wake wanaijua mito mikuu ya dunia lakini hawajui watu wa kando ya mito hiyo hucheka vipi, alianzisha onyesho la sinema za mataifa kila Jumamosi saa kumi jioni, shemeji akiendesha projekta na yeye ameketi pembeni yake. Hakuruhusu soga, wala mtu kuinuka kabla majina yote ya mwisho wa sinema hayajapita, hata la mpishi na la dereva wa waigizaji, ndiyo maana mkamwita Mwalimu Kaachini, jina ambalo alijifanya halijui.

Mwaka 1996 wanafunzi waliazima kamera ya mpiga picha za harusi wakatengeneza filamu yao wenyewe, ya majambazi, na waigizaji wote, jua la saa saba likiwaka, walivaa makoti mazito hadi magotini, kwa sababu katika sinema walizoonyeshwa watu walivaa makoti, jambazi mkuu akazirai kabla hajaiba chochote. Dada alicheka mpaka machozi, kisha akawauliza kisa hicho kimetokea mtaa gani. Tangu hapo alidai mambo mawili kwa kila kijana, atazame ya dunia nzima bila kuchoka, halafu akapige picha mlango wa kwao. Mkuu wa shule alipolifunga onyesho kwa madai kwamba sinema inaharibu watoto, dada hakubembeleza, alihamia ghala la mbao nyuma ya karakana ya magari, pale mnapopajua nyote. Alikuwa mkali, tusidanganyane kwa kuwa amelala hapa, kazi mbovu aliiita mbovu mbele ya mwenyewe, lakini kijana aliyekata tamaa alimfuata hadi kwao, akaketi sebuleni mpaka kamera ishikwe tena.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa mtu wa kuingia na kutoka wodini. Mwezi uliopita binti wa saluni, mmoja wa wanafunzi wake wa mwisho, alimletea kwenye simu filamu yake ya kwanza, inayomhusu mama yake mzazi anayefua mashuka ya hospitali ile ile alimolazwa dada, wakabishana juu ya mwisho wa filamu hadi muuguzi akaja kuwatenganisha, na binti akaenda kuukata upya. Jumatatu tarehe 9 Juni dada alinishika mkono, akaniambia filamu hiyo ionyeshwe Jumamosi hata kama yeye hatakuwepo. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tatu asubuhi.

Sasa lile lisilotakiwa. Alhamisi, kwenye kikao cha familia, shemeji alisema hawezi kuwasha projekta mkewe akiwa ametoka kuzikwa, wakubwa wakaafiki ukumbi ufungwe mpaka itakapoamuliwa, na binti wa saluni, macho yamemvimba, akasema yuko tayari kusubiri. Mimi nilikataa, na nakataa tena mbele yenu, kwa sababu najua mambo ya kuamuliwa baadaye huishia wapi, na filamu ya kwanza ya kijana ikiwekwa kando, mwenyewe naye hujiweka kando. Niliambiwa nina kichwa kigumu, ni kweli ninacho, tulizaliwa nacho wawili. Shemeji sikumlaumu, miaka arobaini amefanya kazi hiyo na mtu pembeni yake, na inaniuma nikifikiria atakavyogeuka leo asimwone. Lakini asubuhi hii ya Jumamosi, kabla hatujaufuata mwili, nilimkuta uani ameiweka projekta mezani, anafuta lenzi kwa pindo la shati lake la msibani, nami kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuongeza neno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliotupikia na kulala nasi, walimu wenzake mliomsindikiza, na akina mama wa kufua mashuka, ambao viti vya mbele leo ni vyenu.

Dada, umefanya kazi, pumzika kwa amani. Saa kumi tunazima taa.