Neno "Tupu" Kwenye Ramani ya Nyika

Mgeni rasmi, karibu katika chumba chetu cha picha. Utuwie radhi kwa joto. Kiyoyozi kilishajifia, na feni iliyobaki tumeielekezea kompyuta, maana ikizimia hiyo, kazi imekwisha.

KAZI YETU
Sisi ni wachora ramani za malisho. Setilaiti hupita juu ya nyika, nasi tunasoma picha zake: mvua ikinyesha majani yanachipua, kiangazi yanakauka, lakini mizizi iko hai chini. Ndiyo maana picha moja haitoshi.

MAFANIKIO
Ramani iliyo nyuma ya pazia hili ni jasho letu. Mwenzetu mmoja tunamwita Mama Mawingu, kwa kuwa kazi yake ni kuondoa picha zenye mawingu. Siku hizi haoni bila miwani.

CHANGAMOTO
Humu ndani, picha isiyo na wingu tunaiita "tupu." Mtu akiipata hupaza sauti, "Jamani, tupu hiyo!" nasi tunashangilia. Upande wa kusini wa nyika, picha safi tulizopata zilikuwa za kiangazi. Kwenye rasimu tukaandika hapo TUPU. Wakubwa wetu wa ghorofani wakasoma "ardhi tupu," wakachapisha hivyo, na tunasikia mwekezaji keshapatikana. Tulipanda ngazi kueleza, tukaambiwa tusubiri. Tukapanda tena, tukaambiwa si tulishaambiwa. Mgeni rasmi, tumechoka.

Hapo panapoitwa patupu, mvua za kwanza zikianguka, panakuwa kijani kuliko kote. Ndipo anapochungia baba yake Mama Mawingu. Juzi mzee alipiga simu: "Mwanangu, wamekuja watu na vigingi. Wanasema ninyi huko ofisini mmeandika hapa hakuna kitu. Ni kweli?" Mwenzetu alimwambia atampigia baadaye. Nasi tulishindwa kumtazama usoni.

MAOMBI
Joto tutalivumilia. Viti vilivyovunjika tutavikalia hivyo hivyo. Tunaomba jambo moja tu: usivute hilo pazia leo. Ukilivuta, ramani imezinduliwa, na vigingi havitang'oka tena. Tupe nafasi tufute neno letu.

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa wanao.

Ni sisi, wafanyakazi wa Chumba cha Picha za Malisho.

Risala imesomwa na Mama Mawingu. Baba yangu bado anasubiri jibu.