Saa ya Marehemu Refa

Krr. Sauti moja tu, fupi, kavu, kama mtu anayesaga meno usingizini. Mama Kahawa aliisikia usiku wa kuamkia jana, ikitoka chumba cha pili, ambako hakulali mtu tangu mumewe afe. Hakuamka kutazama. Alijifunika shuka gubigubi akasubiri kuche. Asubuhi ya leo amekuja na birika lake kama kawaida, hapa kwenye benchi letu mbele ya kibanda cha Dakika, fundi saa. Lakini chini ya vikombe ameleta kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa. Ni saa ya mkono ya marehemu, aliyekuwa refa wa mpira kwa miaka thelathini. Anataka iondoke mikononi mwake leo hii, kabla hajarudi nyumbani. Mnunuzi yupo: Mwokaji, mtu wa mikate, ambaye ameamua kukusanya saa za zamani na anatafuta kronografu yake ya kwanza, saa yenye mshale wa kupimia muda, ile ya kutiwa ufunguo kwa mkono, isiyojua betri ni nini. Mbele yake ziko mbili, ya Dakika na ya mama. Hajaigusa hata moja.

— Saa ya kwanza usinunue jina, nunua mashine, alisema Dakika. Tazama hii yangu. Bonyeza hapa juu, mshale unaondoka. Bonyeza tena, unasimama. Bonyeza hapa chini, unarudi kileleni. Ukirudi kombo hata unywele mmoja, ondoka bila kuaga.

— Mchagua jembe si mkulima, alidakia Msumari, seremala wetu, ambaye methali zake ni kama misumari yake: anazipigilia popote. Wiki ya tatu hii, Mwokaji. Hata mke hukumchagua hivi.

— Mke hakuwa na vibonyezo viwili.

Tulicheka. Mama Kahawa hakucheka.

— Na hii ya mama je? Mwokaji aliuliza.

— Hiyo ni bora kuliko yangu, nasema kweli. Uso haujapakwa rangi upya, mishale ni ile ile ya kiwandani. Ila mimi siichukui.

— Kwa nini?

Dakika aliinama, akaisogeza kwa ncha ya bisibisi kama anayesogeza nge. Ndipo sote tukasikia. Ilikuwa inatembea.

— Ndiyo shida yenyewe, alisema Mama Kahawa. Miaka sita imelala kwenye droo ya chumba kile. Sijaigusa. Jana asubuhi nafungua, naikuta inapumua.

Msumari alivuta kikombe chake karibu na kifua.

— Joto hilo, mama. Chuma kikipata joto kinajikunja, kikijikunja kinazunguka.

— Kwa hiyo na sufuria zangu zitatembea?

— Basi panya. Panya anatafuta kitambaa, mkia unakisokota kile kichwa cha pembeni cha kutilia ufunguo. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Panya, nguo, yote wameyataja!

— Panya mwenye vidole, alisema Dakika.

— Kama si panya, ni mwenyewe. Refa gani anakufa bila kumalizia dakika za nyongeza? Sikiliza, Mwokaji: ukiivaa hiyo, siku ukibonyeza mshale usimame, na wewe unasimama.

— Msumari! alikemea Dakika. Mjane yuko hapa.

Lakini Mwokaji alikuwa amekwisha kuficha mikono yake kwapani.

— Mama, nisamehe, alisema. Nilitaka saa. Sikutaka mtu.

— Mwanangu, chukua, alisema Mama Kahawa. Chukua hata bure. Siwezi kurudi nayo. Siwezi kulala nayo tena.

Dakika akaona aibu juu ya woga wetu. Akasema saa haina pepo, saa ina springi. Ukiijaza pomoni inakwenda siku moja na nusu, ikijitahidi sana mbili, halafu inakufa mpaka mkono wa mtu uifufue. Ili tuelewe, akachukua saa yake mwenyewe, akakishika kile kichwa cha pembeni kwa vidole viwili, akazungusha.

Krr.

Kikombe kilimponyoka Mama Kahawa, kahawa ikatambaa kwenye benchi hadi kwenye suruali ya Msumari, na Msumari hakusogea.

— Rudia, alisema mama.

Krr.

— Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo niliyoisikia.

Dakika aliiweka ya kwake chini polepole, akaichukua ya marehemu. Akajaribu kuizungusha. Haikuzunguka hata robo.

— Imejaa, alisema. Hii siyo ya juzi usiku, mama. Ingekuwa ya juzi ingekuwa imelegea. Hii imetiwa ufunguo usiku wa kuamkia leo.

— Jana usiku sikusikia kitu.

— Hata kidogo?

— Niliziba masikio kwa pamba.

Hapo ndipo alipofika msoma mita, mgeni mtaani, daftari kwapani. Aliomba kikombe. Msumari akasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini bila nguvu. Msoma mita alisimama akinywa huku Mwokaji akimsimulia habari ya saa, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza vile anavyouliza mtu asiyejua lolote:

— Mlango ulivunjwa?

— Haukuvunjwa, alisema Mama Kahawa.

— Kimeibwa nini?

— Hakuna.

— Sasa huyo anayeingia ni nani?

Sote tulijua. Mtaa mzima ulikuwa uwanjani siku ya fainali ile, refa alipomtoa nje mchezaji kwa kadi nyekundu, na mchezaji yule alikuwa mwanawe wa kumzaa. Tulimwona kijana akimsukuma baba yake kifuani kwa mikono miwili. Tulimsikia akisema, nitarudi tumalize. Mzee alianguka chali, hakupona vizuri, na mwaka haukuisha, akafa. Makaburini mama alitamka mbele yetu sote kwamba jina la kijana yule, alilompa yeye mwenyewe akiwa bado anambeba mgongoni, lisitajwe tena mbele yake. Halikutajwa, na kijana mwenyewe hakuonekana tena mtaani. Tulijifunza kusema “yule”.

Msumari alikuwa anatazama kandambili zake. Aliposema, alisema kama mtu mwingine.

— Mama, lile komeo la mlango wa jikoni. Mtu akilijua, analinyanyua kwa kijiti akiwa nje. Nimekuomba nilibadilishe.

— Nilikwambia mbao ni ghali.

— Nilisema bure. Kila mwaka nasema bure. Miaka sita, mama, unanikatalia.

Mama Kahawa aliichukua saa kutoka mkononi mwa Dakika. Mama aliibana saa ile kwa viganja vyote viwili, akageuka kuitazama njia ya kwenda kwake, ambako mlango ule ulikuwa umerudishiwa tu na nyumba haina mtu, au ina mtu.

— Ni nani, mama? msoma mita aliuliza tena.

Midomo yake ilijaribu mara mbili, kama anayeonja kitu cha moto.

— Chiriku, alisema.